Kifurushi cha kubashiri saratani ya utumbo mpana: kilichostahili fedha yetu na kisichostahili

Huduma ninayoitathmini hapa huuzwa na kituo binafsi cha uchunguzi jijini Dar es Salaam kama kifurushi kimoja. Mgonjwa aliyekwisha kugundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana hupigwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande kwa vipande), hutolewa damu, nyama iliyokatwa kwenye upasuaji huchunguzwa kwa viashiria vya tishu, yaani alama za ndani ya seli zinazoonyesha tabia ya saratani, na mwishoni familia hukabidhiwa taarifa inayokadiria ugonjwa utaelekea wapi na dawa zipi zinafaa. Aliyehudumiwa ni baba yetu mdogo, mwalimu mstaafu wa miaka 61, na mimi ndiye niliyembebea makaratasi tangu siku ya kwanza. Kituo sitakitaja, kwa sababu ninachotaka kukipima ni aina ya huduma, na makosa niliyoyaona nimeyasikia pia kwa watu waliohudumiwa kwingine. Niseme mapema kwamba kabla ya kuhamia kufundisha nilifanya kazi miaka 11 katika maabara ya histolojia, inayoandaa nyama za wagonjwa ili zitazamwe kwa hadubini, nikikata bloku za nta na kupaka slaidi rangi. Mimi si mteja wa kawaida, na huenda nimekuwa mkali mahali ambapo mwingine angepita akishukuru.

Baba mdogo alikuwa akichoka bila sababu kwa karibu mwaka mzima. Alipimwa malaria mara kadhaa, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akameza vidonge vya madini ya chuma kwa kuwa damu ilikuwa pungufu, na kila damu ilipopanda kidogo tulidhani mambo yamekwisha. Saratani ya upande wa kulia wa utumbo mpana ina tabia hiyo ya kujificha: pale utumbo ni mpana na kinyesi bado ni majimaji, kwa hiyo hauzibi mapema, na damu huvuja kidogo kidogo bila kuonekana kwa macho. Kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa, ndiyo iliyoufichua uvimbe, kinyama kilichochukuliwa kikaonyesha saratani, na daktari wa upasuaji akatuandikia karatasi ya kwenda kwenye kituo hicho. Swali la familia lilikuwa moja tu, lile ambalo hakuna aliyetaka kulitamka mbele ya mgonjwa.

Kubashiri mwenendo wa saratani hii hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1932 Cuthbert Dukes, mwanapatholojia (mtaalamu wa kuchunguza nyama zenye ugonjwa) wa hospitali ya St Mark's jijini London, alionyesha kwamba hatima ya mgonjwa wa saratani ya puru hutegemea sana jinsi uvimbe ulivyozama katika ukuta na kama umefika kwenye tezi za limfu, na mfumo wa TNM, unaopanga ugonjwa kwa uvimbe, tezi na kusambaa kwake, unaotumika leo duniani kote umejengwa juu ya wazo hilo hilo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba ugonjwa ukiwa bado ndani ya utumbo, wagonjwa kama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ukifika kwenye tezi za jirani hubaki kama 7. Ukifika kwenye ini au mapafu hubaki chini ya 2. Hizo ni takwimu za nchi yenye hospitali zake na dawa zake, na sizileti hapa ili mtu azihamishie nyumbani kwake, lakini zinaonyesha jambo moja wazi: sehemu kubwa ya utabiri ni kujua ugonjwa umefika wapi. Baada ya hapo ndipo linapokuja swali la pili, yaani ugonjwa wenyewe una tabia gani, na hilo ndilo linalojibiwa na viashiria vya tishu. Kituo kinachouza utabiri kinapaswa kwanza kujibu swali la mahali kikamilifu, kisha swali la tabia, kisha ndipo kiuze mapambo.

Kitengo cha picha kilitupokea vizuri. Tuliambiwa kwa simu siku moja kabla muda wa kufunga kula, figo zilipimwa kwanza kabla ya kuchomwa kontrasti, dawa inayofanya viungo vionekane vizuri kwenye picha, na mpiga picha alimweleza baba mdogo kila hatua kwa upole, hata joto lile la ghafla linalopita mwilini dawa inapoingia alimwandaa nalo, jambo ambalo wagonjwa wengi hulishtukia peke yao ndani ya mashine. Taabu ilianza majibu yalipotoka. Taarifa ilikuwa na mistari sita, ikisema kuna uvimbe kwenye utumbo mpana wa kulia, ini liko safi, na kwa ujumla hakuna dalili ya kusambaa. Nilipotazama juu ya karatasi nikaona kilichopigwa picha ni tumbo na nyonga tu. Mapafu, ambayo ni makao ya pili kwa umaarufu ya saratani hii baada ya ini, hayakuguswa. Kusema hakuna kusambaa bila kutazama kifua ni sawa na mlinzi kuapa kwamba hakuna aliyeingia huku mlango wa nyuma hakuuangalia. Tulirudi, kifua kikapigwa, na kwa haki nitamke kwamba hatukutozwa mara ya pili.

Taarifa ya pili iliandikwa na mtaalamu mwingine wa rediolojia na ilikuwa ya daraja tofauti kabisa. Ilieleza uvimbe umepita msuli wa utumbo kwa milimita ngapi, kama kuna dalili za kuingia kwenye mishipa ya damu iliyo nje ya ukuta, kama umegusa kiungo cha jirani, na tezi zipi zinatia shaka. Maelezo ya namna hiyo yana kazi ya kweli. Jaribio la FOxTROT, lililofanyika Uingereza, Denmark na Sweden kwa wagonjwa 1,053 na kuchapishwa 2023, lilitumia picha ya CT kuwachagua watu ambao uvimbe wao umezama vya kutosha, kisha likawapa baadhi yao dawa za tibakemikali kwa wiki sita kabla ya upasuaji. Ugonjwa uliobaki au kurudi ndani ya miaka miwili ulipungua kutoka asilimia 21.5 hadi 16.9. Kwa hiyo picha inaweza kuamua nani aanze na dawa na nani aanze na kisu. Hata hivyo mtaalamu yule alikuwa mkweli kuhusu udhaifu wa chombo chake: CT huona vizuri uvimbe uliozama sana na huona vizuri ini, lakini kwa tezi hubahatisha, kwa sababu tezi kubwa inaweza kuwa imevimba kwa kupambana tu na tezi ndogo ikawa imekwisha kubeba seli za saratani. Aliandika hivyo hivyo ndani ya taarifa, nami nikampenda kwa hilo.

Jambo moja ambalo hata taarifa hiyo nzuri haikuligusa ni misuli. Kwenye picha ile ile, bila mionzi ya ziada, mtu anaweza kupima eneo la misuli katika usawa wa pingili ya tatu ya kiuno, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mgonjwa aliyekwisha misuli hupata matatizo zaidi baada ya upasuaji na huishi muda mfupi zaidi hata kama unene wake wa nje haujapungua. Baba mdogo alikuwa na kitambi na kila mtu alimwona ana afya.

Kilichonikera zaidi katika upande wa picha ni ukurasa wa rangi uliobandikwa nyuma ya taarifa. Ulikuwa na mstari unaoanzia kijani kuelekea nyekundu, alama nyeusi katikati, na maneno kwamba akili mnemba imekadiria hatari ya mgonjwa kuwa ya wastani. Nilimuuliza mratibu wa kifurushi programu hiyo ilifundishwa kwa picha za wagonjwa wa wapi, wangapi, na walifuatiliwa kwa miaka mingapi. Hakujua, na hakukuwa na karatasi inayosema. Sayansi ya kuvuna namba kutoka kwenye picha, ambayo wataalamu huiita rediomiki, ni sayansi halali: kompyuta hupima ukwaru wa uvimbe, tofauti za weusi na weupe, umbo la kingo, mambo ambayo jicho haliwezi kuyahesabu. Lakini namba hizo hubadilika ukibadilisha unene wa vipande vya picha, mashine, au sekunde zilizopita tangu kontrasti ichomwe, na programu iliyofanya vizuri katika hospitali moja huweza kuyumba ikivuka barabara tu.

Ukitaka kujua uthibitisho wa kweli unafananaje, tazama kazi ya watafiti wa Oslo iliyochapishwa 2020, ambao walitumia slaidi za kawaida za patholojia. Waliifundisha kompyuta kwa vipande vya picha zaidi ya milioni 12, kisha wakaijaribu kwa wagonjwa 1,122 ambao haikuwahi kuwaona, na wale iliowaita wa hatari kubwa walikuwa na uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo karibu mara nne ya wale iliowaita wa hatari ndogo. Hapo mtu ana cha kuuza. Ukurasa wetu wa rangi haukuwa na hata jina la aliyeutengeneza, na ninashauri mgonjwa yeyote anayepewa kitu cha namna hiyo akikunje na kukiweka kando mpaka atakapopewa maelezo.

Tulishauriwa pia kwenda Nairobi kupiga PET, picha inayotumia sukari yenye mionzi ili seli za saratani ziwake, ambako huduma hiyo ipo kwa miaka kadhaa sasa, pamoja na mtambo wa kutengenezea dawa yake ya mionzi, kwa kuwa florini inayotumika hupungua nusu kila baada ya dakika 110 na haiwezi kuhifadhiwa stoo. Daktari wa upasuaji alikataa, na alikuwa sahihi. PET hufaa pale CT inapoacha shaka au pale mtu anapofikiriwa kukatwa sehemu ya ini iliyoathirika; kwa uvimbe wa utumbo mpana ambao CT imeonyesha haujasambaa, si kipimo cha lazima, na uvimbe wenye ute mwingi unaweza hata usiwake kwenye picha hiyo. Nauli, hoteli na kipimo vingekula akiba ya mzee kwa jibu ambalo lisingebadilisha chochote.

Kuhusu damu sina mengi. CEA, protini iliyogunduliwa Montreal na Phil Gold na Samuel Freedman mwaka 1965, haifai kutafutia saratani kwa mtu asiye na dalili, kwa sababu hupanda kwa wavuta sigara na kwa magonjwa mengine pia. Lakini ikipimwa kabla ya upasuaji huwa kipimo cha kuanzia, na ikizidi nanogramu 5 kwa mililita kabla ya upasuaji huashiria mwenendo mbaya zaidi. Katika kifurushi chetu ilikuwa imeandikwa na kulipiwa, ila hakuna aliyeitoa damu. Niligundua jioni ya kuamkia upasuaji, nikakimbia na fomu. Wangechelewa siku moja tu, namba hiyo isingepatikana tena maishani.

Sasa nifike kwenye tishu, ambako huduma hii iliniumiza kisha ikanifurahisha. Utumbo uliokatwa ulifika maabara mchana ule ule, umefunguliwa, umeoshwa na kutandazwa, ndani ya formalini ya asilimia 10 ya kutosha, dawa inayozuia nyama isioze. Wasiowahi kufanya kazi hiyo hawajui thamani ya sentensi hiyo. Nimewahi kupokea vipande vya saratani vilivyosindikwa kwenye chupa ya juisi yenye formalini ya kijiko kimoja, na vingine vilivyokaa siku tatu kwenye ndoo kavu wakisubiri gari, na hakuna kiashiria chochote cha kisasa kinachoweza kuifufua nyama iliyokwisha kuoza. Fundi wa maabara aliyepokea alikuwa kijana asiyependa maneno mengi, lakini daftari lake lilikuwa na saa ya kukatwa, saa ya kuingia formalini na saa ya kutolewa. Kwangu mimi daftari lile lilikuwa na thamani kuliko mapokezi yote yenye viyoyozi.

Taarifa ya kwanza ya patholojia, hata hivyo, ilisema zimepatikana tezi 9 na zote ni safi. Kanuni inayokubalika kimataifa ni tezi zisizopungua 12, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: ukitazama mifuko michache huwezi kuapa kwamba duka zima halina mchele mbovu. Mgonjwa mwenye tezi 9 safi huhesabiwa kuwa wa hatari zaidi kwa sababu tu hatukutafuta vya kutosha, na mara nyingi hilo peke yake humsukuma daktari kumwanzishia tibakemikali. Niliomba mafuta yanayozunguka utumbo yatafutwe upya. Kulikuwa na kusitasita kidogo, kisha mwanapatholojia mwenyewe akakaa na mafuta yale mchana mzima, akapata nyingine 8. Zote 17 zilikuwa safi. Gharama ya kazi hiyo ilikuwa muda wake na nta kidogo, na sijaona katika kifurushi chote kitu kilichobadilisha utabiri wa mgonjwa wetu kwa bei ndogo hivyo. Alipoongeza taarifa ya nyongeza aliandika pia vichipukizi, yaani vile vikundi vidogo vya seli zinazojitenga na uvimbe pembezoni mwake. Tangu makubaliano ya kimataifa ya 2016 huhesabiwa katika eneo la milimita za mraba 0.785, vikifika 10 hatari ni kubwa, na vyetu vilikuwa chini ya 5.

Viashiria vya protini nne za kurekebisha makosa ya DNA ndivyo nilivyovisubiri. Protini hizo ni MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, na hufanya kazi mbili mbili kama mapacha: MLH1 ikipotea, PMS2 haidumu peke yake, na MSH2 ikipotea, MSH6 nayo huondoka. Kati ya saratani zote za utumbo mpana na puru, kama asilimia 15 zimepoteza urekebishaji huo. Majibu yetu yalisema MLH1 na PMS2 hazipo. Lakini taarifa haikusema kama seli za kawaida zilizo kwenye slaidi hiyo hiyo zilishika rangi, na bila hilo huwezi kujua kama protini imepotea kwenye saratani au kama rangi yenyewe ilikataa kufanya kazi siku hiyo. Nilikwenda maabara nikiwa na swali hilo kichwani.

“Shikamoo mwalimu,” mwanapatholojia aliniambia, dada wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. “Najua umekuja kuuliza nini. Karibu uketi.”

Aliwasha hadubini ya watu wawili. Kwenye slaidi ya MLH1 seli za saratani zilikuwa za buluu tupu, na katikati yake limfosaiti, yaani seli za kinga, na seli za utando wa kawaida zilikuwa za kahawia kama inavyotakiwa. Rangi ilikuwa imefanya kazi; kilichokosekana kilikuwa kimekosekana kweli. Nikamwomba aliandike hilo, akasema, “Nitaliandika kwa kila mgonjwa kuanzia leo, mwalimu, si kwa baba yako peke yake.” Sijui kama ametimiza, lakini nyongeza ya taarifa yetu ninayo.

Jibu hilo lilibeba mambo mawili makubwa. Uvimbe uliopita ukuta wa utumbo bila kufika kwenye tezi, ambao huitwa hatua ya pili, ndiyo hatua yenye ubishi mkubwa kuhusu dawa. Jaribio la QUASAR la Uingereza, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 3,200 na kuchapishwa 2007, lilionyesha kwamba tibakemikali huokoa kama watu 3 au 4 kati ya 100 wa kundi hilo. Lakini saratani iliyopoteza urekebishaji wa DNA katika hatua hiyo ina mwenendo mzuri kwa yenyewe, na tafiti zilizoanza kuchapishwa 2003 zimeonyesha kwamba dawa ya tibakemikali iitwayo florouracili peke yake haiwasaidii wagonjwa hao. Kwa tezi 17 safi na protini mbili zilizopotea, daktari wa saratani alimwambia baba mdogo arudi nyumbani bila dawa. Kama tungebaki na taarifa ya kwanza, yenye tezi 9 na jibu la protini lisilo na uthibitisho, angemeza vidonge miezi sita, viganja vikichubuka, kwa faida ambayo huenda haikuwapo.

Jambo la pili ni watoto wake wanne. Kupotea kwa protini hizo kunaweza kuwa dalili ya Lynch, hali ya kurithi inayopita kwenye ukoo. Kipimo cha jeni ya BRAF kwenye bloku ile ile kilionyesha badiliko la V600E, na kwa saratani iliyopoteza MLH1 badiliko hilo humaanisha kwamba karibu kwa hakika ugonjwa umezuka wenyewe, haukurithiwa. Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu shangazi na wajomba waliokufa kwa tumbo, alilala usiku huo.

Lawama yangu hapa ni ya mpangilio. Protini hizo zingeweza kupimwa kwenye kinyama cha kolonoskopi, kabla ya kisu. FOxTROT ilionyesha kwamba uvimbe wa aina hii hauitikii vizuri tibakemikali inayotolewa kabla ya upasuaji, wakati jaribio la Uholanzi liitwalo NICHE-2, lililochapishwa 2024, liliwapa wagonjwa 111 wa aina hii dawa za kuamsha kinga kabla ya upasuaji, na kwa asilimia 68 kati yao mwanapatholojia hakukuta hata seli moja hai ya saratani. Dawa hizo zisingeweza kulipwa na mfuko wetu, na bima isingezigusa. Hata hivyo ni wajibu wa kifurushi kinachojiita cha utabiri kumpa daktari taarifa wakati bado ana njia zaidi ya moja mbele yake.

Kisha kuna kipimo cha kinga, kile cha bei kubwa kuliko vyote, ambacho kiliuzwa kwetu kama taji la kifurushi. Wazo lake ni zuri. Mwaka 2006 kikundi cha Jérôme Galon jijini Paris kilionyesha kwamba wingi wa seli za kinga zilizoingia ndani ya uvimbe hubashiri mwenendo vizuri sana, na kutokana na hapo kikatokea kipimo cha Immunoscore, kinachohesabu seli za kinga zenye alama za CD3 na CD8 katikati ya uvimbe na pembezoni mwake. Mwaka 2018 kilithibitishwa kwa wagonjwa 2,681 kutoka nchi 13. Kwa mgonjwa wa hatua ya pili ambaye protini zake zote nne zipo, tezi zake zinatosha na daktari wake bado anasita, ninaweza kuelewa mtu akikilipia. Lakini saratani iliyopoteza urekebishaji wa DNA hutengeneza protini za ajabu ajabu ambazo kinga huziona kuwa za mgeni, kwa hiyo karibu kila mara huwa imejaa limfosaiti. Jibu lake lilikuwa limekwisha kuonekana kwenye hadubini niliyoitazama bure. Kituo kilitusainisha kipimo cha aina hiyo siku ya kwanza, kabla ya kujua majibu ya protini, kikasafirisha bloku nje ya nchi, na jibu la “kinga ya juu” likarudi wiki ya 11 baada ya upasuaji, wakati tibakemikali, kama ingehitajika, ilipaswa kuwa imeanza ndani ya wiki 8. Fedha hiyo ilizidi gharama ya kolonoskopi, CT na protini nne kwa pamoja. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua upya, na kama huduma ingekuwa karibu, ningelipia kwanza kipimo cha damu cha kutafuta DNA ya uvimbe baada ya upasuaji. Jaribio la DYNAMIC la Australia, kwa wagonjwa 455 wa hatua ya pili, lilipunguza wanaopewa dawa kutoka asilimia 28 hadi 15, na wagonjwa hawakurudiwa na ugonjwa zaidi ya wenzao.

Maelezo ya majibu kwa mgonjwa yalikuwa dhaifu kupita kiasi. Taarifa zote ziko kwa Kiingereza, na mratibu alijaribu kuzifupisha kwa kumwambia baba mdogo kwamba ana asilimia 85 za kupona. Mzee alivua miwani. “Nimefundisha hesabu miaka 30, mwanangu,” alimwambia. “Asilimia 85 ya nani? Mimi ni mmoja.” Mratibu alicheka, lakini hakuwa na jibu, ingawa jibu lipo na linaweza kutamkwa kwa Kiswahili cha kawaida: kwamba kati ya watu 100 wenye uvimbe kama wake waliofuatiliwa, wangapi walirudiwa na wangapi hawakurudiwa, na kwamba hakuna kipimo kinachojua yeye yuko upande gani.

Nikitoa alama, patholojia ya kituo hiki ninaipa nane kati ya kumi baada ya kusukumwa na sita kabla ya kusukumwa. Rediolojia ninaipa saba kwa taarifa ya pili na tatu kwa ya kwanza. Mpiga picha peke yake anastahili tisa. Uuzaji wa kifurushi ninaupa mbili. Anayekwenda huko aombe vitu kimoja kimoja: CT ya kifua, tumbo na nyonga yenye taarifa kamili, CEA kabla ya upasuaji, tezi 12 au zaidi, na protini nne zenye uthibitisho wa seli za kawaida, tena zikifanywa kwenye kinyama. Vingine vyote asaini baada ya hivyo kurudi.

Baba mdogo amekwisha kurudi mara mbili kwa CEA, na kolonoskopi ya mwaka mmoja imepangwa. Bloku zake ninazo mimi, zimefungwa kwenye boksi kavu mbali na joto, kwa sababu ugonjwa ukirudi ndizo zitakazopimwa jeni ya KRAS na mengine. Zinapaswa kuwa 22. Ziko 21, ile iliyosafirishwa, yenye kipande kizuri kuliko vyote cha ukingo wa uvimbe, haijarudishwa, na kila ninapopiga simu ninaambiwa iko njiani.